Mbegu Isiyopenda Joto: Namna ya Kuotesha Delfiniamu Ndefu Bustanini

Miongoni mwa maua yapandwayo kwa ajili ya kuburudisha macho tu, ni machache yawezayo kushindana na delfiniamu kwa kimo na kwa rangi. Mmea uliotunzwa vyema hutoa bua lenye urefu wa mita moja na nusu hadi mbili, na sehemu kubwa ya juu ya bua hilo hufunikwa na maua yaliyopangana kwa utaratibu kutoka chini hadi kileleni, mfano wa askari waliosimama gwarideni. Yako meupe, yako ya zambarau, yako ya rangi ya waridi. Lakini sifa yake iliyo kuu ni buluu, tangu ile hafifu ya anga la asubuhi hadi ile nzito inayokaribia weusi. Buluu ya namna hiyo ni adimu bustanini. Hata waridi, pamoja na umaarufu wake wote, halina kwa asili kiini cha rangi hiyo. Na kiini chenyewe wataalamu wamekiita delfinidini, jina litokanalo na ua hili.

Pamoja na uzuri huo, wengi wanaolitamani hawalipati. Mtu hununua pakiti ya mbegu, akaipanda kwa uangalifu, akainyunyizia maji asubuhi na jioni, kisha akangoja. Wiki tatu hupita, mwezi hupita, pasichipue hata jani moja. Hapo lawama humwendea muuza mbegu, au udongo, au bahati mbaya. Aghalabu chanzo hasa ni joto. Ama mbegu ilikuwa imekwisha kufa kwa kukaa mahali pa joto kabla haijafika kitaluni, ama ilifika ingali hai lakini joto la kitalu likailaza usingizi. Kwa hiyo, anayetaka delfiniamu hana budi kuelewa kwamba mambo yanayoamua mafanikio yake hutendeka mapema, kabla jembe halijagusa ardhi.

NASABA YA UA HILI

Jina delfiniamu limetokana na lugha ya Kiyunani, ambamo lahusiana na pomboo, yule mnyama wa baharini. Kwa kuwa tumba la ua kabla ya kuchanua lina umbo la pomboo mdogo. Jamii yake ina spishi zaidi ya 300, na nyingi mno huishi katika milima na nchi za baridi za kaskazini ya dunia. Delfiniamu ndefu za bustanini zimetokana hasa na spishi iitwayo Delphinium elatum, ambayo hukua porini katika milima ya Ulaya na kuelekea mashariki hadi Siberia. Asili hiyo ya milimani ndiyo inayoeleza tabia zake zote: hupenda jua lakini si hari, hupenda maji lakini si tope, na mbegu yake huotea kwenye ubaridi.

Kazi ya kuzalisha aina za bustanini ilishika kasi katika nusu ya pili ya karne ya 19. Huko Langport, Uingereza, James Kelway alizikusanya na kuzichanganya. Na huko Nancy, Ufaransa, Victor Lemoine alifanya vivyo hivyo. Mwaka 1901 James Blackmore na Charles Langdon walianzisha karibu na mji wa Bath kampuni ya maua ambayo imeendelea kujulikana kwa delfiniamu hadi zama zetu. Kufikia mwaka 1928 wapenzi wa ua hili nchini Uingereza walikuwa wengi kiasi cha kuunda chama chao wenyewe.

Huko Ujerumani, katika kitongoji cha Bornim cha mji wa Potsdam, Karl Foerster, aliyezaliwa mwaka 1874 na kufariki mwaka 1970, aliifanyia delfiniamu kazi ya miongo mingi. Yeye hakutazama uzuri pekee. Alichagua mimea iliyosimama imara penye upepo na iliyostahimili magonjwa, akaitupa mingine hata ikiwa na rangi ya kuvutia. Alianza kazi hiyo enzi za Kaiza na kuimaliza enzi za Ujerumani ya Mashariki, na bustani yake ingali ikitembelewa.

Wataalamu wa Ulaya walikuwa na desturi moja. Kila walipopata mmea bora, waliuongeza kwa kukata machipukizi yake na kuyaotesha, si kwa mbegu. Sababu ni kwamba mbegu ya delfiniamu hairudishi sura ya mama yake. Mmea wa buluu nzito waweza kuzaa watoto weupe, wa zambarau, wafupi na warefu, wote kutoka bua moja.

MBEGU ZA CALIFORNIA

Aliyebadili mambo hayo ni Frank Reinelt, mtu wa asili ya Kicheki aliyehamia Marekani na kufanya kazi katika mji mdogo wa Capitola, California. Yeye alikusudia jambo ambalo wengi waliliona gumu: kupata mbegu ambazo, zikipandwa, zitatoa mimea inayofanana kwa rangi na kimo. Kwa miaka mingi alichagua wazazi, akawachavusha kwa mkono, akatupa watoto wasiofaa, akarudia tena. Katika miaka ya 1930 alitoa kizazi kilichokuja kujulikana ulimwenguni kote kama Pacific Giants. Aina zake nyingi alizipa majina kutoka hadithi za kale za Mfalme Arthur: King Arthur yenye zambarau nzito na kitovu cheupe, Galahad nyeupe tupu, Guinevere na Black Knight. Tangu hapo mtu wa kawaida, kwa bei ya pakiti moja, aliweza kuwa na maua ambayo hapo kabla yalikuwa ya wenye fedha.

Hata hivyo, kisa hicho kina upande wa pili ambao kila mnunuzi wa mbegu yafaa aujue. Kazi ya Reinelt ilidumu maadamu kulikuwa na mkono wa kuchagua na kuchavusha kila msimu. Mbegu zilipoanza kuzalishwa kwa wingi pasipo uangalifu ule, jina lilibaki lilelile lakini mimea ikadhoofika. Watunza bustani wengi wamelalamika kwamba pakiti zenye majina hayo ya kifahari huwapa mimea mifupi, yenye maua machache na rangi zilizochanganyika. Ndiyo maana wazalishaji wengine walirudia njia ya mkono. Nchini New Zealand, shamba la Dowdeswell limetoa mbegu za kizazi kiitwacho New Millennium kwa uchavushaji wa mkono. Na chama cha Uingereza kilichotajwa hapo juu kwa miaka mingi kiliwapatia wanachama wake mbegu zilizochavushwa hivyo hivyo. Kwa hiyo mnunuzi asitazame picha ya pakiti pekee. Aulize mambo mawili: mbegu imechavushwa kwa mkono au imeachiwa wadudu, na imevunwa mwaka gani.

KUHIFADHI NA KUOTESHA

Swali hilo la mwaka wa kuvuna ni zito kuliko lile la kwanza. Mbegu ya delfiniamu ni ndogo, nyeusi au kahawia, yenye pembe pembe. Ikiachwa katika chumba chenye joto yaweza kupoteza uhai wake katika muda wa mwaka mmoja. Ikikaushwa vizuri, ikatiwa katika chupa yenye kifuniko kisichopitisha hewa na kuwekwa ndani ya jokofu, hudumu miaka kadhaa. Pakiti iliyoning'inia dukani penye dirisha la jua kwa miezi minane isinunuliwe, hata ikiuzwa kwa nusu ya bei. Asiye na jokofu anunue kidogo, na apande mara moja.

Wakati wa kuotesha ukifika, joto linalofaa ni kama nyuzi 12 hadi 15 za Selsiasi. Joto likizidi nyuzi 20, mbegu nyingi hukataa kuota. Kipimajoto kidogo cha ukutani kina manufaa makubwa hapa kuliko mbolea ya aina yoyote. Wengine huzitia kwanza mbegu zenye unyevu ndani ya jokofu kwa wiki moja au mbili, ndipo wazitoe na kuziweka mahali pa ubaridi wa kadiri.

Njia mbili zatumika. Ya kwanza ni ya kitalu: kijaze kisanduku au chungu kwa udongo laini usiotuamisha maji, uloweshe kwanza, ndipo utandaze mbegu mbali mbali na kuzifunika kwa udongo mwembamba sana, usiozidi nusu sentimita, maana mbegu hizi huota vizuri gizani. Ya pili ni ya karatasi, nayo yamfaa mwenye mbegu chache za thamani: tandaza mbegu juu ya karatasi laini ya jikoni iliyoloweshwa na kukamuliwa, ikunje, itie katika mfuko wa plastiki, kisha iweke mahali pa ubaridi na giza. Ikague kila baada ya siku mbili. Mara kizizi cheupe kinapotokeza, inyanyue mbegu hiyo kwa ncha ya kijiti na kuipanda katika chungu kidogo. Uzuri wa njia hii ni kwamba huonyesha ukweli upesi. Baada ya wiki mbili au tatu mtu hujua mbegu ngapi zilikuwa hai, bila kubahatisha juu ya udongo mtupu.

Miche ikishachipua, adui wake wa kwanza ni kinyausi, ule ugonjwa unaokata shina changa usawa wa ardhi. Kinga yake ni nafasi kati ya mche na mche, hewa ya kutosha, na maji ya kiasi yanayomwagwa asubuhi, si jioni. Mche ukipata majani mawili ya kweli, yale yenye kugawanyika kama vidole, uhamishiwe katika chungu chake wenyewe. Ushikwe kwa jani, kamwe usishikwe kwa shina. Jani likiharibika lingine litaota, bali shina likibonyezwa mche umekwisha.

KATIKA BUSTANI

Nchini Uingereza mbegu hupandwa mwishoni mwa majira ya baridi, kama Februari au Machi, na miche hutiwa bustanini wakati baridi kali imekwisha. Katika mwaka huo huo baadhi yake hutoa kibua kidogo. Wenye uzoefu huacha maua machache yafunguke ili wapime rangi, kisha hulikata bua hilo ili nguvu irudi mizizini. Maonyesho yenyewe huja mwaka wa pili, katika miezi ya Juni na Julai.

Chagua mahali penye jua na palipokingwa na upepo mkali. Chimba kwa kina, changanya udongo na samadi iliyooza kabisa au mboji, na uhakikishe maji hayatuami, kwani kitovu cha mmea kikilala majini huoza. Acha nafasi ya sentimita 60 hadi 90 kati ya mmea na mmea. Machipukizi yakifika urefu wa kidole hivi, punguza: mmea mchanga ubakiziwe mawili au matatu, uliokomaa matano hadi saba. Wengi huona uchungu kuyang'oa machipukizi yenye afya. Lakini anayeyaacha yote hupata mabua mengi membamba, na hewa isipopita katikati yake ugonjwa wa ubwiri unga huyavika majani weupe kama yaliyopakwa unga wa sembe.

Bua la delfiniamu lina uwazi ndani, na maua yake yakilowa mvua huwa mazito. Upepo mmoja wa jioni waweza kuvunja kazi ya miaka miwili. Kwa sababu hiyo fito tatu zisimikwe kuuzunguka mmea ungali na kimo cha sentimita 30, na kamba izungushwe kwenye fito, ipandishwe kadiri mabua yanavyorefuka. Bua lisifungwe kwa kukazwa, bali liachiwe nafasi ya kuyumba kidogo. Aidha, wakati wa mvua, konokono na koa huja usiku na kumaliza machipukizi yote machanga. Mtu awatafute kwa taa na kuwaokota kwa mkono, usiku baada ya usiku, hasa katika wiki za kwanza.

Maua yakinyauka, bua hukatwa, mmea hutiwa maji na mbolea, nao mara nyingi huchanua tena, ingawa kwa kimo kidogo zaidi.

KUJIVUNIA MBEGU ZAKO

Anayetaka kuvuna mbegu aliangalie ua kwa makini. Zile sehemu tano pana zenye rangi ni sepali. Petali za kweli ni ndogo, zimekusanyika katikati, nazo watunza bustani wa Uingereza huziita "nyuki", kwa kuwa kwa mbali hufanana na nyuki aliyetua. Nyuma ya ua hutokeza kichomozo kama mkia, ambamo mna mbochi. Maua hufunguka kuanzia chini ya bua kwenda juu, na katika kila ua chavua hutoka siku kadhaa kabla stigma haijawa tayari kuipokea. Mdudu apandaye bua kutoka chini kwenda juu huondoka na chavua ya maua machanga ya juu, kisha huipeleka kwenye maua yaliyokomaa ya chini katika mmea mwingine. Hivyo ndivyo rangi zinavyochanganyika.

Kulishinda jambo hilo si kazi kubwa. Ua likiwa ndiyo kwanza linafunguka, ondoa petali za katikati na stameni zote kabla hazijapasuka. Baada ya siku chache stigma ikianza kunata, ipake chavua ya mmea uliouchagua, kisha funga uzi kuwa alama. Vikonyo vya mbegu, ambavyo aghalabu huwa vitatu kwa kila ua, vikigeuka rangi ya kahawia na kuanza kupasuka nchani, vikate, vikaushe kivulini, na mbegu uzitie jokofuni. Chagua wazazi kwa nguvu ya bua na afya ya majani kwanza, rangi iwe baadaye, kama alivyofanya Foerster.

TAHADHARI YA SUMU

Kuna jambo moja ambalo halifai kunyamaziwa. Delfiniamu ina sumu katika sehemu zake zote, na zaidi katika mbegu na machipukizi machanga. Sumu hiyo huzuia mawasiliano kati ya neva na misuli. Mnyama hutetemeka, huanguka, na hatimaye hushindwa kupumua. Katika malisho ya magharibi ya Marekani, spishi za porini za delfiniamu zimekuwa kwa zaidi ya karne moja miongoni mwa mimea inayowatia wafugaji hasara kubwa ya ng'ombe. Kondoo huistahimili zaidi, ng'ombe hawaiwezi.

Onyo hili lina uzito wa pekee katika nyanda za juu za Afrika ya Mashariki, ambako familia nyingi hufuga ng'ombe mmoja au wawili bandani na kuwalisha kwa majani yaliyokatwa. Bustani na banda hukaa jirani, na anayefagia bustani mara nyingi ndiye alishaye. Mabua na majani yaliyokatwa yasitupwe kamwe katika hori, wala kurundikwa mahali ambapo mbuzi hupita. Chupa ya mbegu iandikwe jina lake na kuwekwa mbali na watoto, hasa kwa kuwa hukaa ndani ya jokofu la chakula. Mikono inawiwe baada ya kazi.

NDUGU ZAKE WA MILIMA YETU

Msomaji aweza kuuliza kama ua la Siberia na Uingereza lina nafasi katika nchi zilizo karibu na Ikweta. Jawabu limo milimani. Tropiki ya Afrika ina spishi chache sana za delfiniamu, lakini inazo. Delphinium macrocentrum huota katika nyasi za nyanda za juu za Afrika ya Mashariki, nayo ina maua ya buluu inayoelekea kijani yenye mkia mnene ulioinuka. Delphinium leroyi, ya milima hiyo hiyo ya mashariki, ina maua meupe au ya buluu hafifu, tena yana harufu nzuri, jambo ambalo delfiniamu ndefu za bustanini kwa kawaida hazina. Zote mbili huishi juu milimani, penye usiku wa baridi. Aidha, mashamba ya maua ya nyanda za juu za Kenya hukuza delfiniamu za kukatwa na kuziuza Ulaya.

Kwa mkazi wa pwani, palipo na joto usiku na mchana, kuotesha delfiniamu ndefu ni kujitafutia hasara. Kwa mkazi wa Lushoto, Njombe, Limuru au Kabale mambo ni tofauti. Hapo ubaridi unaotafutwa na watu wa mabondeni kwa jokofu hushuka wenyewe kila usiku. Mwenye bustani huko aoteshe katika miezi iliyo baridi zaidi, ambayo kwa sehemu nyingi ni Juni hadi Agosti, aweke kitalu kivulini mbali na ukuta unaopigwa na jua, naye akitazame kipimajoto mara mbili kwa siku. Aanze na mbegu ishirini mpya zilizochavushwa kwa mkono, ambazo zitamfaa kuliko pakiti tano za bei nafuu; na kutoka mmea wake ulio bora avune mbegu za msimu unaofuata mwenyewe, mwaka wa kuvuna ukiwa umeandikwa juu ya chupa.